Pale Kaka Alipomsalia Baba

Mwaka ule nilikuwa na uchovu usioondoka kwa usingizi. Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Edmonton, kaskazini ya London: kuwaosha, kuwavisha, kuwageuza kitandani, kuwalisha wasiotaka kula. Nikirudi kwangu miguu imevimba, na mikono inanuka dawa ya kusafishia hata baada ya kuoga. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu ya kulala. Kwa hivyo kaka yangu aliponipigia simu akaniambia anataka nimpeleke kutazama mawe, nilimjibu kwamba mawe yapo tele hapa hapa London.

"Siyo hayo," akasema. "Yale ya kule nyikani, upande wa magharibi. Yaliyosimamishwa duara na watu wa kale."

"Kaka, daktari amekwambia hata ngazi zako uzipande kwa kupumzika."

"Ndiyo maana nataka kwenda sasa."

Kaka alinipita umri sana, kiasi kwamba kwangu alikuwa nusu kaka nusu baba. Alikuja Uingereza akiwa kijana, muda mfupi baada ya Mapinduzi, wakati mie bado navalishwa viatu na mama. Alipitia Mombasa, akapata nafasi ya kusomea uuguzi, kama walivyofanya vijana wengi wa Unguja wakati ule. Ilikuwa kazi ambayo Waingereza wenyewe hawakuikimbilia, na hospitali ilikupa chumba na chakula. Yeye alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, huko Devon, pembezoni mwa nyika kubwa isiyo na miti. Baadaye akahamia London, akafanya kazi wodini mpaka akastaafu. Alioa, akafiwa na mke, na sasa alikuwa akiishi peke yake katika fleti nyuma ya Edgware Road, juu ya mkahawa wa Waarabu, na moyo wake ulikuwa umechoka kuliko mie. Ndiye aliyenileta hapa na kunitafutia kazi ya kwanza. Sikuwa na mdomo wa kumwambia kwamba Jumapili nalala.

Binti yangu alikubali kutuendesha. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha hukujibu kwa Kiingereza, nasi tumekwisha kuzoea. Tuliondoka Edmonton baada ya sala ya alfajiri, na tulipofika kwa kaka tulimkuta amekwisha kushuka, amesimama mlangoni na koti lake la sufu na tai, utadhani anakwenda harusini. Nilikuwa nimeazima kazini kiti cha magurudumu, nimekikunja ndani ya buti la gari. Alikiona, akaufunga mlango wa buti taratibu.

"Hicho ni chako," akaniambia. "Ukichoka tutakusukuma."

Njia nzima nililala. Nakumbuka kidogo tu: mvua kwenye kioo, kituo cha petroli ambapo binti yangu alininunulia kahawa nikaishika mpaka ikapoa, na sauti ya kaka akimwonyesha mpwawe mahali palipokuwa na stesheni ambayo siku hizi haipo. Nilipozinduka, nyumba zilikuwa zimekwisha. Kulikuwa na barabara nyembamba na kuta za mawe pande zote mbili, kisha kuta nazo zikaisha, na gari likawa linapita juu ya nchi iliyo wazi kabisa.

Waingereza wana neno lao kwa nchi ya namna ile. Mie naiita nyika, lakini ni nyika ya baridi. Majani mafupi ya rangi ya kutu, maji yamesimama kila penye bonde, kondoo wamegeuzia upepo migongo. Huoni shamba wala mti, wala moshi wa mtu anayepika. Tuliegesha gari kando ya barabara. Nilipofungua mlango upepo ukaniingia mikononi mpaka kwapani, na fikra yangu ilikuwa moja tu, kwamba kitanda changu kiko mbali.

"Ni mbali, mjomba?" binti yangu aliuliza, kwa Kiingereza, ila hilo neno mjomba hulisema kwa Kiswahili siku zote.

"Hapo tu, nyuma ya kilima hicho."

Hapakuwa hapo tu. Njia ilikuwa ya kondoo, imekatwa na vijito na matope, na kaka alikuwa akienda kidogo anasimama. Hakusema kwamba anapumzika. Alisimama akamtazama kondoo kwa makini, kama mtu anayetaka kumnunua. Kisha akatembea, akasimama tena akatazama kijiwe. Nimekaa na wagonjwa miaka mingi, najua mtu anayeficha pumzi, na yeye mwenyewe alijua kwamba najua, kwani alikuwa muuguzi kabla yangu. Tukaachiana. Mie nami nilifurahi kila aliposimama, kwa sababu nilipata kusimama pia.

Binti yangu alitangulia na mkoba wa chakula na kiti kidogo cha kukunja. Tulipopanda kilima tukamwona chini, amesimama katikati ya mawe, anatupungia mkono.

Kusema kweli nilivunjika moyo. Nilitarajia mawe makubwa, yale ya kwenye picha, yaliyobebeshana kama milango. Haya mengi yao yalinifika kiunoni, mengine magotini. Baadhi yalikuwa yameanguka, majani yameyafunika. Yalikuwa ya kijivu, yana madoa meupe ya kuvu, na yamekaa duara pana lisilo na kitu ndani yake ila nyasi na mavi ya kondoo.

"Ndiyo haya?" nikauliza.

"Ndiyo haya," kaka akasema.

"Nani aliyaweka?"

"Hakuna ajuaye. Watu wa kabla ya maandishi. Wengine wanasema walikuwa wakiomba hapa, wengine wanasema wakizika. Hata wasomi wao hawajui."

Binti yangu alimkunjulia kiti, tukamkalisha mgongo ukiwa upande wa upepo. Tukafungua chakula: chapati na kuku wa kukaanga vilivyofungwa ndani ya karatasi ya bati, na chai ya maziwa yenye iliki kwenye chupa. Mie nilikaa chini juu ya mfuko wa nailoni. Binti yangu akachukua chapati yake akaenda nayo kutazama jiwe moja moja na kupiga picha. Tulibaki wawili.

Kaka alikula kidogo tu. Alishika kikombe kwa mikono yote miwili, akawa anatazama upande mmoja wa duara, palipokuwa na mawe yaliyosimama vizuri.

"Nilisimama pale," akasema. "Nilipomsalia baba."

Sikumwelewa. Baba yetu alikuwa karani bandarini. Alasiri moja, miaka michache baada ya Mapinduzi, watu walikuja na gari wakamchukua nyumbani, na hakurudi. Mie nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni kanzu yake iliyobaki kwenye kamba uani, na mama akinikataza kuigusa. Niliambiwa amesafiri. Nilipokuwa mkubwa sikuambiwa tena chochote, nami nikajua kuwa si jambo la kuulizwa. Mama hakukaa eda. Baba hakusomewa hitima wala hapakuwa na matanga. Mpaka mama anakufa, ukimuuliza habari za mumewe hukwambia, "Hajaja bado."

"Ulimsalia lini?" nikauliza.

"Nilipokuwa hapa hospitalini, nasoma. Alinijia mtu kutoka London, mtu wa mtaani kwetu, alikuwa amefungwa chumba kimoja na baba. Yeye alitolewa, akakimbia, akafika huku. Alipanda treni mpaka hapa kuja kuniambia kwa mdomo wake. Tukakaa kwenye chumba cha chai cha wauguzi, wenzangu wanacheza karata meza ya pili. Akaniambia, 'Baba yako alifikwa na homa. Alikuwa amelaza kichwa mapajani mwangu. Walikomzika sijui.' Kisha akanywa chai yake, akaondoka na treni ya mchana."

Upepo ulikuwa unavuma masikioni, nikasogea karibu yake ili nisikie.

"Sikuwa na mtu," akaendelea. "Hospitali nzima Mwislamu ni mie peke yangu. Msikiti sijui uko wapi. Siku ya pili sikuwa na zamu, nikatoka nikawa natembea tu, sina ninapokwenda. Nikatokea hapa. Theluji ilikuwa imeanguka kidogo, mawe yameota weupe vichwani. Nikasema basi, hapahapa. Nikatawadha kwa maji ya kijito kile tulichovuka, nikamsalia baba sala ya ghaibu, ile ya maiti aliye mbali. Nilisimama pale mbele, na mawe nyuma yangu. Ndiyo yaliyokuwa maamuma wangu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekueleza alikonunua koti. Mie niliirudisha chapati yangu ndani ya karatasi.

"Na mama?"

"Yule bwana aliniapisha nisiseme. Watu wake walikuwa bado Unguja, na barua zikifunguliwa. Sikuandika neno. Nikangoja. Safari ile ya kwanza niliporudi nyumbani, wewe ulikuwa umekwisha kuja London, nilimkalisha mama chumbani, nikafunga mlango. Nikamwambia, 'Mama, nina habari ya baba.' Akanitazama akaniambia, 'Mwanangu, usiniambie. Mie namngoja.' Akanyanyuka akaenda kukuna nazi."

"Ukanyamaza."

"Ningefanya nini?"

"Na mie? Miaka yote hii tuko mji mmoja, kaka. Basi moja tu kutoka kwako mpaka kwangu."

"Wewe nilikuwa nakuona unarudi kazini umechoka," akasema. "Kila nikitaka kukwambia nakuona umechoka. Nikasema, siku akiwa na nafasi. Hukuwahi kuwa na nafasi."

Nilitaka kukasirika. Nilijitafuta ndani nikaikosa hiyo hasira. Nilikuta uchovu ule ule wa kila siku, ila safari hii ulikuwa na mahali pa kukaa. Nililia kidogo, machozi yakapoa kabla hayajafika kidevuni. Kaka hakunigusa wala hakunibembeleza. Alinimiminia chai.

Binti yangu alirudi akaniona. Akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa ufupi, kwamba babu yake alifia kizuizini, na kwamba mjomba wake alijua, na kwamba hapa ndipo alipomsalia. Alikaa kwenye majani karibu na miguu ya mjomba wake, akamshika goti. Akauliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba alikuwa na babu. Siku zote alikuwa akidhani babu yake alikufa zamani kwa maradhi, kama mababu wa watu wengine.

"Ndivyo ilivyokuwa," kaka akamjibu. "Alikufa zamani kwa maradhi."

Jua lilikuwa limekwisha kupinduka, tukasali adhuhuri na alasiri pamoja, kama wasafiri. Tulitawadha kwa maji ya chupa, baridi yake ilikata vidole. Kaka alisalisha akiwa amekaa kwenye kiti, sisi wanawake tukasimama nyuma yake. Baada ya kutoa salamu aliomba dua ndefu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasikia jina la baba likitajwa pamoja na majina ya wazee wetu waliokufa.

Tulipoanza kukusanya vitu, ukungu ukashuka. Haukuja kwa haraka. Kilima tulichopanda kilififia, kisha kondoo, kisha mawe ya upande wa pili. Binti yangu alisema twende upesi. Kaka akajaribu kuinuka, akarudi kukaa. Akajaribu tena.

"Miguu imegoma," akasema.

Uso wake ulikuwa wa majivu. Nikamshika mshipa wa mkono. Moyo ulikuwa unapiga mbio, lakini haukukosea sana. Nikamuuliza kama kifua kinamuuma, akasema hakiumi, anahisi tu amemalizika. Binti yangu akataka kukimbilia garini akalete kiti cha magurudumu, nikamwambia magurudumu yatazama kwenye tope, na yeye atapotea kwenye ukungu, halafu tutakuwa na mambo mawili. Alijaribu simu, haikushika mtandao.

Basi nikavua glavu. Hata siku yangu ya mapumziko nanyanyua mtu, nikasema moyoni, na sikulisema kwa uchungu. Kazini tuna mashine ya kunyanyulia wazito, lakini kabla ya mashine kuna njia. Mtu dhaifu ukimvuta mikono utamuumiza. Nikamwambia asogee mbele ya kiti, miguu airudishe nyuma, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu.

"Hayo nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wewe bado uko shuleni," akasema, huku anahema.

"Basi fanya kama ulivyowafundisha."

Akainama, nikamshika nyuma ya mabega, akasimama. Binti yangu akamwingia upande wa pili. Tukaenda hivyo, watatu bega kwa bega, njia ya mtu mmoja. Mie na binti yangu tulikuwa tunakanyaga matopeni ili yeye apite pakavu. Tulipopanda kilima tulimkalisha mara nyingi, tunamngoja apate pumzi, tunamwinua tena. Kuna mahali tulipotelewa na njia, tukasimama tusijue kushoto wala kulia. Kaka ndiye aliyesikia kijito. Akasema maji yawe mkono wa kulia, tuyafuate kwenda juu, na ndivyo tulivyofika barabarani. Mgongo wangu ulikuwa unawaka moto. Tulimlaza kwenye kiti cha nyuma, tukawasha hita mpaka vioo vikatoka jasho, na rangi ikamrudia taratibu.

Njiani binti yangu alitaka tusimame hospitali ya kwanza tutakayoiona. Kaka alikataa, akasema atakwenda kwa daktari wake kesho, na kweli alikwenda. Daktari alimgombeza na kumwongezea dawa. Mie siku hiyo hiyo nilikuwa zamu ya asubuhi. Niliwaosha wazee wangu nikiwa nimefunga mkanda kiunoni, na bibi mmoja wa Kiingereza niliyekuwa nikimchana nywele aliniuliza nilikwenda wapi mwisho wa wiki. Nikamwambia nilikwenda kuzika. Akanipa pole, akanishika mkono, na nikaona si uongo.

Baada ya wiki mbili tatu tukamsomea baba hitima, fletini kwa kaka, Jumapili mchana. Walikuja watu wachache wa Unguja na Pemba wanaokaa London, wazee wengi wao, wakapanda ngazi kwa kupumzika. Mmoja wao, bwana mmoja aliyekuwa akisoma darasa moja na kaka, alisema alikuwa akiingoja hitima hii tangu ujana wake, ila haikuwa haki yake kuuliza. Wanaume walisoma sebuleni, sisi wanawake chumbani, mlango wazi. Nilipika pilau tangu asubuhi kwenye jiko lake dogo, sufuria mbili kwa zamu.

Watu walipoondoka tulibaki watatu tunakusanya sahani. Binti yangu akauliza, babu alikuwa anapenda kula nini. Nikamgeukia kaka. Nilikaa kwenye kochi nikavua viatu.

"Muhogo," kaka akasema. "Muhogo wa nazi kwa papa mkavu. Na alikuwa hataki mtu amsemeshe akila." Akaziweka sahani kwenye sinki. "Na alikuwa akiogopa paka. Mtu mzima yule. Paka akiingia uani anampigia mama kelele aje amtoe."

Binti yangu akacheka. Kaka akaendelea: jinsi baba alivyokuwa akipiga pasi kanzu zake mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu, jinsi alivyokuwa akisoma gazeti kwa sauti ili majirani wasiojua kusoma wasikie, jinsi alivyonipa jina mimi baada ya kubishana na mama. Vyombo vikabaki kwenye sinki, hakuna aliyevigusa.

Kaka alifariki kabla ya mwaka kumalizika, hospitalini, asubuhi, mie nikiwa njiani kutoka kazini. Walimwosha wanaume wa msikitini kwetu, nikaruhusiwa kumwona amekwisha kuvikwa sanda, uso wazi. Huku London wanawake wengi huenda makaburini, nami nilikwenda. Kulikuwa na mvua nyepesi. Nilisimama na binti yangu nyuma ya wanaume mpaka wakamaliza kufukia, kisha tukaenda karibu tukaangalia kibao kilichochomekwa, tukajua ni safu gani, na ni kaburi la ngapi kutoka njiani.